CB Ruksa, Simu Hapana: Madereva Wetu na Sheria za Majimbo ya Marekani

ZUHURA: Karibu msikilizaji. Leo swali linatangulia salamu, maana limekuja na hasira. Dereva wetu mmoja wa Louisville, Kentucky, ametutumia voisi. Alikuwa na trela lake kwenye foleni, magari yametulia tuli, akakamatwa ameshika simu. Pembeni yake dereva mwingine wa trela ameshika kipaza sauti cha CB, ile redio ya madereva ya kuongea gari kwa gari, anapiga soga na kucheka, na hakuna aliyemgusa. Anauliza: "Mimi na yule tofauti yetu nini?" Kaka Baraka, usukani wako.

BARAKA: Asante dada Zuhura, na safari njema kwa walio njiani. Ndugu yangu, jibu halitakupendeza: tofauti ipo, na imeandikwa. FMCSA, wale wa serikali kuu wanaosimamia magari ya biashara, walipiga marufuku kuandika meseji ukiendesha mwaka 2010. Kisha kuanzia Januari 3, 2012, wakapiga marufuku kushika simu kabisa. Na walipoeleza simu ni kitu gani, wakataja wazi kwamba redio ya CB na redio za mawasiliano ya pande mbili hazimo.

ZUHURA: Kwa hiyo mkono ni ule ule, ila kilichomo mkononi ndicho kesi.

BARAKA: Ndiyo. Tena kuna simu zile zenye kitufe cha kubonyeza ukiongea, ukiachia unasikiliza, kama redio hasa. Ukiishika ukabonyeza, umevunja kanuni. Ukibonyeza kitufe cha CB, endelea na safari.

ZUHURA: Na voisi za WhatsApp je? Maana madereva wetu wanaishi humo. Kundi la madereva wa Kiswahili halilali: mmoja yuko Texas, mwingine Iowa, wote wamebana kidole kwenye kioo.

BARAKA: Hapo ndipo wengi wanajidanganya. Mtu anasema, "Sijaandika, nimeongea." Umeshika simu? Basi. Na hata ikiwa kwenye stendi yake, kanuni inataka kupiga au kupokea kwa kugusa kitufe kimoja tu. Ukijinyoosha kuifuata simu iliyoanguka upande wa abiria mpaka ukatoka kwenye mkao wako wa kuendesha, na mkanda umefunga, hilo nalo ni kosa.

ZUHURA: Turudi kwenye foleni. Alikuwa amesimama.

BARAKA: Kusimama kwa sababu ya msongamano au taa nyekundu bado ni kuendesha, kwa mujibu wa kanuni hiyo. Utoke barabarani, uegeshe mahali salama, ndipo ushike simu. Ruhusa pekee ni kuwaita polisi au huduma za dharura.

ZUHURA: Mimi ninauliza kama dispacha, yaani mpangaji wa mizigo na safari za madereva, maana nipo upande wa pili wa hiyo simu. Kwa nini CB iliachwa? Mtu akiongea na CB dakika kumi, akili yake si imeondoka barabarani vile vile?

BARAKA: Imeondoka, sikatai. Lakini CB haina kioo cha kukuvuta macho. Hakuna picha ya harusi ya binamu yako inayoruka katikati ya mazungumzo. Kipaza sauti kinaning'inia mahali pake, mkono unakifikia bila kutazama. Halafu kuna historia. Baada ya shida ya mafuta ya mwaka 1973, Marekani ikaweka mwendo wa mwisho wa maili 55 kwa saa, na madereva wa malori wakashika CB kuambizana wapi kuna mafuta na wapi polisi wamejificha. Chaneli 19 ikawa baraza lao. Redio ile imekuwa kifaa cha kazi tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na ukiwa kwenye theluji huko Wyoming, aliye mbele yako ndiye anayejua barabara imefungwa. Kwa maoni yangu waliiacha kwa haki. Ila wangekuwa wakweli zaidi kama wangesema ni mazoea pia.

ZUHURA: Haya, hiyo ni serikali kuu na ni kwa magari ya biashara. Sasa mtu akishuka kwenye trela akaingia kwenye Toyota yake?

BARAKA: Hapo unaingia kwenye sheria za majimbo, na kichwa kitakuuma. Kwetu Kenya sheria ya barabarani ni moja, Mombasa mpaka Busia. Huku hakuna sheria ya nchi nzima ya simu kwa dereva wa kawaida. New York ndiyo ilitangulia kukataza simu ya kushika, mwaka 2001. Jimbo la Washington likatangulia kukataza meseji, 2007. Texas ilisubiri mpaka Septemba 2017, na hapo ni meseji tu. Kukataza kushika simu wameachiwa miji, kama Austin na San Antonio.

ZUHURA: Mimi mfano wangu ni barabara kuu ya I-70, kwa sababu nakaa Columbus. Ukitoka Ohio kwenda Pennsylvania unakatiza kijiguu chembamba cha West Virginia pale Wheeling, kama maili 14 hivi.

BARAKA: Enhe, mfano mzuri huo! Ohio walibana sheria yao mwaka 2023, lakini wakaacha mwanya wa ajabu: unaweza kuweka simu sikioni ukaongea, mradi umeanza simu hiyo kwa mguso mmoja. Na kwenye taa nyekundu wanakuruhusu kuitazama. Unavuka daraja, West Virginia, simu ya kushika marufuku tangu 2013. Hujamaliza hata kahawa, uko Pennsylvania.

ZUHURA: Ambako sheria ni mpya.

BARAKA: Inaitwa Sheria ya Paul Miller, imeanza Juni 2025. Kijana huyo alifariki mwaka 2010, akagongwa na trela ambalo dereva wake alikuwa anafuata simu. Mama yake akahangaika miaka mingi mpaka sheria ikapita. Kule hata ukiwa umesimama kwenye taa, usishike. Mwaka wa kwanza ni onyo la maandishi, na faini ya dola 50 inaanzia Juni 2026.

ZUHURA: Yaani mtu mmoja, simu moja, mazungumzo yale yale na shemeji yake, amekuwa mwema na mkosaji ndani ya nusu saa.

BARAKA: Bila kubadilisha leni! Lakini narudia kwa wenye CDL, leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara: ukiwa ndani ya trela, mwanya wa Ohio si wako. Kanuni ya serikali kuu unasafiri nayo kila jimbo.

ZUHURA: Kuna jimbo lililoandika vizuri kuhusu redio?

BARAKA: Georgia, Julai 2018. Wao walikaa wakataja kabisa: CB haihesabiki, redio za mawasiliano za kampuni hazihesabiki, hata redio za wale wanaredio wa ridhaa, wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu, wenye leseni ya FCC, tume ya mawasiliano ya serikali kuu. California imeandika kwa upana mno, "kifaa cha mawasiliano kisichotumia waya", kisha ikaorodhesha vifaa mpaka wanaredio wakaanza kuulizana kama wamo.

ZUHURA: Na kesi ya ramani je?

BARAKA: Hiyo ni tamu. Dereva wa Fresno, huko huko California, aliandikiwa tiketi kwa kutazama ramani kwenye simu. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikasema sheria ilivyokuwa wakati ule ilikataza kuongea, si kutazama ramani. Bunge la jimbo likaibana sheria, mpya ikaanza 2017: simu iwe kwenye stendi, kidole kipite mara moja tu. Juni 2025 kesi ya mtu mwingine ikafika juu, naye aliishika kutazama ramani, na safari hii Mahakama ya Rufaa ikasema ni kosa.

ZUHURA: Msikilizaji mwingine anauliza kuhusu redio za kunasa mawasiliano ya polisi. Anazipenda, anataka kufunga moja kwenye gari.

BARAKA: Aangalie anakopita. New York inakataza kufunga kwenye gari redio inayoweza kupokea masafa ya polisi bila kibali. Wanaredio wa ridhaa wenye leseni wamesamehewa. Kentucky, Indiana na Florida nazo zina sheria zao. Na vile vitambuzi vya rada ya polisi, Virginia ni marufuku hata kwenye gari dogo, na kwenye malori makubwa ni marufuku nchi nzima.

ZUHURA: Tumalizie na leseni, maana faini mtu atalipa akanung'unika.

BARAKA: Leseni ndiyo roho. Ukiwa kwenye gari la biashara, makosa mazito mawili ndani ya miaka mitatu unakaa nje siku 60. Matatu, siku 120. Na hata tiketi ya jimbo ya kushika simu inahesabiwa humo. Faini, kanuni ilipotangazwa, iliwekwa hadi dola 2,750 kwa dereva, na hadi 11,000 kwa mwajiri anayemruhusu au kumlazimisha.

ZUHURA: Hapo kwenye mwajiri ndipo sisi madispacha tunapaswa kusikiliza. Kuna mtu anapiga mara saba, "Umefika wapi? Umefika wapi?", na kwenye skrini anaona kabisa gari linatembea.

BARAKA: Na asipopokelewa anakasirika! Dereva mgeni, Kiingereza bado anajifunza, anaogopa kupoteza mzigo, atashika simu tu.

ZUHURA: Mimi kwenye mizigo yangu natuma meseji moja, naandika, "Ukiegesha." Asiyejibu kwa saa mbili najua yuko kazini. Dereva wa Louisville, tutumie namba ya kifungu kilichoandikwa kwenye tiketi yako, tuone kama wamekushika kwa sheria ya jimbo au ya serikali kuu, kwa sababu Kentucky yenyewe kwa dereva wa kawaida ilikuwa imekataza meseji tu.

BARAKA: Na uitume ukiwa umeegesha.