Gitaa lenye spika tumboni: litegeshe hivi likuimbie

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nipo nje, barazani, na kama mnavyoona hakuna waya unaotoka kwenye gitaa hili kwenda popote. Hakuna amplifaya pembeni, hakuna ekstensheni. Sikilizeni kwanza.

Mmesikia? Sauti yote hiyo imetoka humu, kwenye huu wavu mdogo karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini. Ndani kuna spika ya inchi tatu, amplifaya ya wati chache, betri ya lithiamu ya kuchaji, na kompyuta ndogo inayotengeneza mwangwi na efekti nyingine. Wauzaji wanayaita magitaa janja. Sawa, tuyaite hivyo.

Wengi mmeniandikia kwamba mmenunua, mmewasha, mkasikia sauti ya redio iliyofunikwa na ndoo. Mmoja alitaka kulirudisha dukani. Ndugu yangu, usilirudishe kwanza. Mara nyingi gitaa halina ubovu wowote. Limetegeshwa kama vile lina spika kubwa, na halina. Hapo ndipo shida yote ilipo, na ndicho tutakachorekebisha leo, kisha nitakupa pigo moja la rumba ambalo spika hii inaliweza vizuri.

Sitataja aina ya gitaa langu. Vitufe vinatofautiana, kazi ni ile ile. Na wazo lenyewe wala si geni. Mwaka 1962 Sears, wale wauzaji wakubwa wa Marekani, walikuwa na gitaa la Silvertone ambalo amplifaya yake imejengwa ndani ya sanduku la kubebea. Mwaka 1990 Fernandes ya Japani wakatoa ZO-3, gitaa dogo lenye spika mwilini. Jina ni utani: tatu kwa Kijapani husomwa san, na zo-san ni kama kusema Bwana Tembo, na ukitazama umbo lake utaona kweli, shingo ndiyo mkonga. Kilichoongezeka siku hizi ni hiyo kompyuta na chaji.

Haya, tuanze na chaji yenyewe. Usipige likiwa limechomekwa. Ukichomeka chaja, hasa hizi za bei ya chini za kando ya barabara, utasikia mngurumo chini ya sauti, na ukigusa nyuzi unabadilika. Huo ni uchafu wa umeme wa chaja unapenya mpaka kwenye amplifaya. Chaji lijae, chomoa, ndipo upige. Soma maandishi karibu na tundu la chaji. Likiandikwa 5V, chaja ya kawaida ya simu inatosha. Na simu yenyewe iweke mbali kidogo na gitaa, si pale juu ya paja karibu na pikapu, kile kinasa mlio kilicho chini ya nyuzi, maana nayo huleta kelele zake.

Sasa tyuni. Gitaa janja lina tyuna yake, kipimo cha kuonyesha noti, bonyeza na uzime spika kabisa, jirani hana haja ya kusikia unavyotafuta. Kuanzia uzi mnene: E, A, D, G, B, E. Sindano ya tyuna ikipita noti, usiishie kulegeza tu. Legeza mpaka chini ya noti, halafu kaza upande polepole hadi ifike. Uzi uliolegezwa ukaachwa hapo utashuka tena katikati ya wimbo. Kama nyuzi ni mpya, zivute kidogo kwa kidole, tyuni tena, vuta tena. Fanya hivyo mara tatu au nne.

Sogeza kamera kidogo. Hapo, vizuri.

Hapa kuna nobu mbili ambazo watu huzichanganya. Hii ni geini, ile ni sauti ya jumla. Geini ni kiasi cha mlio unaoingia kwenye amplifaya, sauti ya jumla ni kiasi kinachotoka kwenye spika. Ukipandisha geini, mlio unaanza kupasuka. Wapiga roki wanautafuta huo mpasuko, ni haki yao. Sisi tunataka mlio safi, kila noti isikike kama tone la maji kwenye sufuria. Kwa hiyo shusha zote mbili hadi sifuri. Pandisha sauti ya jumla hadi nusu. Halafu pandisha geini taratibu huku ukikung'uta nyuzi kwa nguvu zako zote, nguvu zile utakazotumia watu wakishapagawa. Ukisikia inapasuka, rudi nyuma kidogo. Acha hapo.

Kama gitaa lako lina skrini au programu ya simu, utakuta milio iliyotengenezwa tayari kiwandani. Wa kwanza karibu kila mara ni mzito, umejaa mpasuko na mwangwi. Nadhani wanauweka mbele kwa sababu dukani unashangaza watu. Upite. Tafuta ulioandikwa Clean, ndio mlio safi, na tutaujenga kutoka hapo.

Tumefika kwenye ekwalaiza, yaani nobu za besi, sauti za kati na trebo, na hapa naomba tukae kidogo.

Uzi mnene wa E ukipigwa wazi unatetemeka mara 82 kwa sekunde. Spika ya inchi tatu haina ubavu wa kusukuma hewa kiasi cha kutoa mtetemo wa chini hivyo kwa nguvu. Inajaribu. Unaiona ikitikisika, amplifaya inamaliza wati zake chache huko, betri inakwenda, na wewe husikii besi yoyote, unasikia mvumo tu. Kibaya zaidi, wakati spika inahangaika na besi, noti za juu nazo zinachafuka, kwa sababu ni karatasi ile ile moja ya spika inayobeba yote. Sasa mtu akisikia sauti ni nyembamba anafanya nini? Anaongeza besi. Ndipo inapokuwa redio ndani ya ndoo.

Fanya kinyume. Shusha besi hadi robo. Usiogope. Pandisha sauti za kati mpaka zipite nusu, kama mshale wa saa unavyoelekea saa nane mchana, kwenye namba 2. Trebo, zile sauti za juu, iache nusu, au chini kidogo kama nyuzi ni za chuma na mpya. Sikiliza tofauti: hivi ndivyo ilivyokuwa... na hivi ndivyo ilivyo sasa. Sauti imeongezeka bila mimi kugusa nobu ya sauti. Zile wati zilizokuwa zinapotea kwenye besi sasa zinafanya kazi.

Mwangwi weka kidogo sana, kiasi kwamba ukiuzima ndipo unagundua ulikuwepo. Dilei, ile inayorudia mlio baada ya muda kidogo, zima. Barazani kuna kuta, zinakupa mwangwi wa bure.

Ngojeni... mvua hiyo. Na bati hili. Tusubiri ipite.

Haya, imepita. Bora tu, maana nilitaka kuwaonyesha jambo la mluzi na bati likilia msingesikia. Nikipandisha sauti hadi mwisho nikaacha nyuzi bila kuzigusa... mnasikia linavyoanza kulia lenyewe? Spika inatikisa mwili wa gitaa, mwili unatikisa nyuzi, pikapu inazisikia na kuzirudisha kwenye amplifaya, na spika inatikisa zaidi. Linajizungusha. Kwenye amplifaya ya kawaida ungesogea mbali. Hapa utasogea wapi, spika umeikumbatia?

Dawa ya kwanza ni kiganja. Laza upande wa mkono wa kulia juu ya nyuzi karibu na daraja kila unaponyamaza. Jizoeze mpaka mkono uende wenyewe. Ya pili ni ile besi tuliyoshusha, imeshasaidia nusu ya kazi. Ya tatu: kama mlio bado unajirudia kwenye noti moja tu, mara nyingi iko kwenye uzi wa A au D, punguza kidogo sauti za kati kwanza kabla hujapunguza sauti yote. Na usilaze gitaa juu ya meza likiwa limewashwa. Meza nayo itaimba.

Sasa tupige. Chukua ufunguo wa C. Mwenzako kwenye ridhimu, au simu yako ikicheza ngoma na kodi (zile noti zinazolia pamoja), anazunguka C, F, G, F. Wewe unapiga nyuzi mbili nyembamba tu, ule wa kwanza, mwembamba kuliko wote, na wa pili unaoufuata, kwa pamoja.

Freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo, hesabu kuanzia kichwani. Kwenye C: uzi wa pili freti ya 5, uzi wa kwanza freti ya 3. Kwenye F: uzi wa pili freti ya 6, wa kwanza freti ya 5. Kwenye G: wa pili freti ya 8, wa kwanza freti ya 7. Rudi F, 6 na 5. Tazama mkono: kidole cha kati kinabaki kwenye uzi wa pili safari nzima, cha shahada kinabaki kwenye uzi wa kwanza, vinateleza tu bila kuinuka. Anza polepole sana. Ukishazoea usizipige pamoja. Zivunje, uzi wa pili, wa kwanza, wa pili, wa kwanza, kama watu wawili wanaopokezana maneno.

Umesikia? Hilo ndilo gitaa la katikati. Wakongo wanaliita mi-solo, kwenye bendi zetu za dansi ni sekondi solo, linakaa kati ya ridhimu na solo na kuwashona. Na sikiliza kwa nini nimelichagua. Noti ya chini kabisa katika pigo hili, ile freti ya 5 kwenye uzi wa pili, inatetemeka mara 330 kwa sekunde. Ni mara nne ya ule uzi mnene wazi. Huko juu spika ya inchi tatu iko nyumbani kwake, haihangaiki, haivumi. Mzee aliyenifundisha alikuwa hapendi kabisa mtu wa sekondi solo aguse nyuzi nene; mimi nilidhani ni ukali tu wa wazee. Kumbe alikuwa anamwachia nafasi mtu wa besi. Hapa besi hayupo, ila spika yenyewe inahitaji heshima ile ile.

Kwa hiyo ukitaka kupiga ule mtindo wa gitaa la boksi, gumba likitembea kwenye nyuzi nene na cha shahada kikiimba juu, kama alivyokuwa akipiga Mkongo Mwenda Jean Bosco alipokutwa na Hugh Tracey, yule mrekodi wa muziki wa Afrika, kule Jadotville, Kongo, mwaka 1952, mji unaoitwa Likasi leo, ushauri wangu ni huu: kama gitaa lako lina tumbo wazi, zima umeme kabisa. Mbao zitakupa besi kuliko spika. Kama ni la mwili mgumu, vaa hedifoni.

Na hedifoni ziwe za waya. Nasisitiza. Za Bluetooth huchelewesha sauti, nyingi kati ya milisekunde 100 na 200. Unaona ni kidogo? Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Kuchelewa milisekunde 200 ni sawa na amplifaya yako kuwekwa mita 68 kutoka ulipo. Jaribu kupiga kwa mdundo huku ukijisikia kutoka upande wa pili wa uwanja wa mpira. Bluetooth itumie kuleta muziki kutoka kwenye simu kuja kwenye gitaa, uufuatishe. Hapo haina madhara, kwa sababu unachokifuata ndicho unachokisikia.

Ukialikwa kwenye harusi au kwaya, usiiombe hii spika ijaze ukumbi. Chomeka jeki ya robo inchi kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za ukumbi. Magitaa mengi yatanyamazisha spika yenyewe. Huko sasa rudisha besi, maspika ya ukumbi yanaiweza. Ukimaliza chomoa jeki kwenye gitaa. Kwa mengi ya aina hii, jeki ikibaki ndani betri inaendelea kuliwa usiku kucha hata kama taa imezima, na yamenikuta asubuhi ya send-off ya binamu yangu.

Kwa sisi wa Pwani kuna chumvi ya hewani. Nyuzi za chuma zinashika kutu haraka, na tundu la jeki nalo. Kila ukimaliza, pitisha kipande cha kanga kuukuu chini na juu ya kila uzi, kiwe kikavu. Nyumba ikiwa karibu na bahari, lirudishe kwenye mfuko wake, usilitundike dirishani hata kama linapendeza. Kama utakaa miezi bila kulipiga, liache na chaji nusu, si tupu wala si limejaa.

Betri inaonyesha asilimia 60, na watoto wa jirani wameshatoka baada ya mvua. Geini chini, besi robo, kiganja tayari. Nyie ridhimu, mimi napanda juu. C, F, G, F. Moja, mbili, tatu, nne...