Jimbo la Kijeshi na Ulinzi wa Nchi: Nani Anaamuru Bunduki Zilizo Kwetu?

Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya wanafunzi na wakaaji wa mji

Wazee wetu, baba na mama, ndugu wanafunzi, hamjambo.

Nimeombwa nieleze jimbo la kijeshi, yaani sehemu ya nchi ambayo askari wake wamewekwa chini ya kamanda mmoja, linafanya kazi gani katika kulinda nchi. Hapa Lubumbashi wengi wetu tunalijua kwa macho tu. Tunapita kando ya Kampi Vangu, tunaona nguo zimeanikwa, watoto wametoka masomo, mama ameketi na vikopo vyake vya unga na mifuko ya makala, na askari amesimama kwenye kizuizi. Msafara ukipita tunasema ni mkubwa wa jimbo. Kazi yake yenyewe hatuiulizi. Halafu siku adui akiingia, tunalia: jeshi lilikuwa wapi? Mara nyingi jeshi lilikuwepo. La kuuliza ni nani alikuwa na mamlaka ya kuliamuru.

Nchi yetu ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3 na imepakana na nchi 9. Aliyeketi Kinshasa hawezi kujua njia za vichakani za Pweto wala vivuko vya Dilolo. Hata wakoloni waliliona hilo: kabla ya uhuru, jeshi lao, Force Publique, iligawanywa katika makundi makubwa matatu, moja likiwa na makao hapa hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mpango wa sasa ni wa mwaka 2014. Uliweka maeneo 3 ya ulinzi, na chini ya kila eneo majimbo ya kijeshi. Makao ya eneo la pili yako Lubumbashi, likiunganisha Katanga ya zamani na Kasai zote mbili. Jimbo letu ni la 22. Bukavu ilipewa la 33, Goma la 34. Tarakimu ya kwanza ni ya eneo, ya pili ni ya jimbo lenyewe.

Kifungu cha 187 cha Katiba ya 2006 kinalipa jeshi kazi ya kulinda ardhi yote ya taifa na mipaka yake. Jimbo ndipo maneno hayo yanapogusa udongo. Kamanda wa jimbo anatunza kambi, ghala za risasi, nidhamu ya askari, na habari. Habari ndiyo kubwa kupita yote. Mvuvi wa ziwa Moero akiona usiku mitumbwi asiyoifahamu imejaa watu wenye silaha, atamwambia chifu wake, chifu atamwambia msimamizi wa teritwari, naye atamtafuta mkubwa wa kikosi kilicho karibu. Mnyororo huo ukiwa mzima, habari inafika kabla ya risasi ya kwanza. Ukikatika mahali pamoja tu, kijiji kizima kitakuwa barabarani na magodoro kichwani, na ofisini bado wanaulizana kama ni kweli.

Sasa naomba tukae kidogo na Bukavu ya 2004, kwa kuwa hakuna mfano unaoeleza jambo hili vizuri zaidi. Baada ya makubaliano ya amani ya Sun City, majimbo 10 ya kijeshi ya wakati ule yaligawanywa kati ya wale waliokuwa wakipigana. Kamanda akitoka upande huu, msaidizi wake alitoka upande ule. Kwenye karatasi ilionekana ni haki. Katika jimbo la 10, ndilo la Bukavu, kamanda alikuwa Jenerali Prosper Nabyolwa, na msaidizi wake Kanali Jules Mutebutsi, mtu wa RCD-Goma, kundi lililokuwa la waasi. Mwezi wa pili 2004 Nabyolwa alipoanza kushughulikia silaha zilizofichwa mjini, nyumba yake mwenyewe ilishambuliwa na askari wa msaidizi wake. Fikirini: kamanda wa jimbo zima anawakimbia askari walio chini yake kwa cheo.

Kinshasa ikamleta Jenerali Mbuza Mabe. Mwishoni mwa mwezi wa tano vita vikalipuka katikati ya mji, jenerali mwasi Laurent Nkunda akateremka na watu wake kutoka Kivu ya Kaskazini, na tarehe 2 mwezi wa sita Bukavu ikaanguka. Ilipita kama wiki moja ndipo askari wa serikali wakarudi. Mutebutsi alivuka akaingia Rwanda. Watu waliuawa, wanawake walibakwa, maduka yaliporwa. Makao makuu ya jimbo yalikuwepo, bendera ilikuwepo, vyeo vilikuwepo. Kilichokosekana ni amri moja inayosikilizwa na kila kikosi.

Mshahara nao una sehemu yake. Zamani pesa za askari zilipita mikononi mwa makamanda, na orodha zilijaa majina ya watu wasiokuwepo. Kamanda aliyeandika askari hewa hawezi kujua ana bunduki ngapi za kweli siku ya vita. Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulisaidia kutenganisha njia ya malipo na njia ya amri, na kuwaandikisha askari kwa alama za vidole. Kwangu hayo ni katika mageuzi bora kabisa ambayo jeshi letu limewahi kupata, ingawa hayazungumzwi sana.

Je, somo la Bukavu tulilishika? Tazameni Kivu ya Kaskazini. Kuna jimbo la 34. Kuanzia 2014 zikaja operesheni Sokola 1 upande wa Beni na Sokola 2 upande wa kusini, kila moja na mkubwa wake. Tarehe 6 mwezi wa tano 2021 ukaja utawala wa dharura, gavana akawa jenerali. Juu yao kuna eneo la tatu la ulinzi. Kando yao wakaja Wazalendo, vikundi vya wapiganaji wa kienyeji walio upande wa jeshi. Kanali aliye kilimani Masisi, adui akimzunguka saa nane za usiku, anampigia nani simu? Akipewa amri mbili zinazopingana, anafuata ipi? Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025, siku chache tu baada ya gavana, Jenerali Peter Cirimwami, kuuawa, na Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Sisemi sababu ni hii peke yake. Jeshi la Rwanda lilikuwa ndani ya vita hivyo, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika wazi. Lakini jirani mwenye nia mbaya hupenda kuwakuta wakubwa watano kwa kikosi kimoja.

Wengine wamelifanyia kazi jambo hili. China mwaka 2016 ilifuta majimbo yake 7 ya kijeshi ikaweka kamandi 5 za mapambano, ili anayetayarisha askari awe mwingine, na anayewaongoza vitani awe mmoja anayejulikana.

Msidhani ni habari za Kivu tu. Mwezi wa tano 1978 wapiganaji wa FNLC, waasi wa Katanga, walitoka Angola, wakapita Zambia, wakaingia Kolwezi, na ilibidi makomando wa Ufaransa na Ubelgiji waje kwa ndege. Tarehe 23 mwezi wa tatu 2013 Bakata Katanga, wapiganaji wanaotaka Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi hii mchana, kwa miguu, hadi kwenye kambi ya MONUSCO, askari wa Umoja wa Mataifa. Wengi wenu humu mliwaona wakipita.

Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge wetu liko wazi. Sheria ya jeshi ya 2011 iongezwe kifungu: adui akivuka mpaka, kila kikosi kilicho ndani ya jimbo, kiwe cha operesheni, kiwe maalumu, kiwe cha akiba, kinaingia siku hiyo hiyo chini ya kamanda wa jimbo, na gavana anabaki na kazi za raia. Kamanda huyo awe na akiba ya mafuta na chakula anayoweza kuifungua kwa saini yake mwenyewe, awe na boti Moero na Tanganyika, na awe na redio inayofika Dilolo, Pweto na Kasumbalesa hata siku mitandao ya simu imezimwa.