Kabla Hatujakwenda Kizimkazi

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh zangu, walimu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa huku mbele, nashukuru kwa mwaliko. Jumapili tunakwenda Kizimkazi Dimbani kuutazama msikiti, na nimeombwa niseme machache kabla ya safari. Wengi wafikao Kizimkazi wamefuata pomboo. Msikiti wanauchungulia wakiwa njiani kurudi mjini. Sisi tumeufuata wenyewe, basi tujue tunakwenda kuona nini.

Nianze na suala nililoulizwa hapo mlangoni na kijana mmoja, na kauliza vyema. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, si amesema tusifunge safari ila kwenda misikiti mitatu: wa Makka, wake wa Madina, na wa Aqsa? Amesema, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wengi wameifahamu kuwa inamhusu anayesafiri kwenda msikiti fulani kwa kuitakidi kwamba swala yake kule ina fadhila kuliko kwao. Hatuna itikadi hiyo. Rakaa mbili za Kizimkazi na rakaa mbili za hapa mtaani kwetu ni mamoja. Tunakwenda kujifunza, na Qur'ani imetuamrisha si mara moja tutembee katika ardhi tutazame. Nje ya msikiti yapo makaburi. Waliozikwa humo tutawatolea salamu, tutawaombea dua, tutapita. Ubani na nadhiri viacheni nyumbani.

Sasa msikiti wenyewe. Kwa nje hautakushangaza: kuta za mawe na chokaa, paa la mabati, kama msikiti wa kijiji chochote cha kusini Unguja. Sehemu kubwa ya jengo mtakaloliona ni ya karne ya 18, ulipojengwa upya. Ingieni ndani, mwende mpaka kibla, pale anaposimama imamu. Kushoto kwake mtaona maandishi yamechongwa kwenye tumbawe, na hapo ndipo nataka mkae.

Wengi wenu mmehitimu Qur'ani. Mtayasogelea maandishi yale mkitaraji kuyasoma, na hamtaweza. Ni hati ya Kikufi. Haina nukta, kwa hiyo ba, ta na tha zote sura moja. Herufi zimesimama wima kama zimepimwa kwa rula, na ncha zake zimechipua majani. Aliyechonga hakuwa mtu wa kubahatisha. Wataalamu wameona hati ile inafanana na ya Siraf, bandari ya zamani ya Uajemi, na wanaosimulia habari za Washirazi, wale wanaosemwa kuwa walihamia pwani hii kutoka Uajemi, wanapenda kuitaja. Lakini lile ni tumbawe, jiwe la bahari yetu. Likitolewa majini bado bichi huwa laini, fundi analichonga atakavyo, kisha likikauka linakuwa gumu. Kwa hiyo hata kama hati ilisafiri, kazi ya mkono ilifanyika huku.

Maandishi yanasema nini? Yapo maneno ya Qur'ani, na ipo habari kwamba msikiti uliamrishwa kujengwa na Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, mwezi wa Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijra. Kwa miladi ni 1107.

Mwaka 500. Imamu al-Ghazali, ambaye vitabu vyake vinasomeshwa katika darsa zetu hadi leo, alifariki mwaka 505. Maana yake tumbawe lile lilipokuwa linachongwa Kizimkazi, Ghazali yu hai. Salahuddin alikuwa hajazaliwa, na Quds, yaani Yerusalemu, aliikomboa miaka 80 baadaye. Wareno waliingia pwani hii 1498, na hapo msikiti umekwisha kukaa karibu karne nne. Nayasema haya kwa sababu nimechoka kusikia, hata kwa walimu wenzangu wa skuli, kwamba Uislamu wetu uliletwa na masultani wa Oman. Oman ina nafasi yake katika historia yetu na hatuikatai. Ila watu wa hapa walikuwa wakiswali kwa jamaa mamia ya miaka kabla Seyyid Said hajahamia Unguja.

Na Kizimkazi wala si mwanzo. Kule Pate, katika visiwa vya Lamu, upo mji uliokufa uitwao Shanga. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980, chini ya magofu ya msikiti wa mawe. Chini yake akakuta alama za msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka akafika kwenye mashimo ya nguzo za miti. Kijengo kidogo cha miti, cha karne ya 8. Jambo moja la pale linanigusa kila nikilikumbuka: kibla cha msikiti ule wa mwanzo hakikuelekea Makka sawasawa. Kilikwenda upande. Waliojenga baadaye wakakirekebisha. Fikirini watu wachache katika kijiji cha wavuvi na wafanyabiashara, hawana dira, mwalimu huenda hawana, wanakisia upande wa Makka kwa walichonacho, na wanaswali. Mimi sijui ushahidi wa imani unaozidi mashimo yale.

Kilwa Kisiwani ni habari ya siku nyingine, maana msikiti mkuu wake peke yake unataka mhadhara mzima. Nitataja tu kwamba Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika 1331 aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafi, haya tunayoyafuata sisi. Na Gede, karibu na Malindi, kwenye tao la mlango wa msikiti mkuu kumechongwa mkuki. Aliyeweka mkuki juu ya mlango wa msikiti alikuwa mtu wa bara hili.

Sasa nizungumze linaloniuma, na mnisamehe nikipandisha sauti.

Nilikosomea mimi chuoni palikuwa na msikiti wa zamani. Kibla chake kilikuwa cha tumbawe la kuchongwa, na birika lake lilikuwa na mawe ya kusugulia miguu, yamelika katikati kwa nyayo za watu. Alitokea mfadhili akataka kujenga msikiti mpya, mkubwa, wa marumaru. Msikiti mpya ni heri, na watu wamezidi. Lakini ule wa zamani ulivunjwa bila kupigwa picha hata moja. Kibla kilitolewa vipande vipande na nyundo, kikapakiwa pamoja na kifusi. Hakuna aliyeandika nani aliuweka wakfu, wala aliyewauliza wazee. Leo ukitaka kuwaonyesha watoto babu zao walisujudu wapi, huna cha kuwaonyesha.

Kwa hiyo ombi langu lipo kwa kamati za misikiti mlio hapa. Kabla ya kuvunja, iteni watu wa idara ya Mambo ya Kale waje watazame. Pigeni picha kila pembe, pimeni kuta, nakilini maandishi yote, hata ya mkaa ukutani. Waulizeni Kamisheni ya Wakfu kama wana hati. Na kibla cha kale kikiwezekana kubaki, kibaki ndani ya jengo jipya. Mfadhili akielezwa kwa adabu ataelewa, na asiyeelewa msimwonee haya kumrudia.

Mambo ya Jumapili. Gari litaondoka hapa saa mbili asubuhi. Msikiti ule una maimamu wake na waumini wake, kwa hiyo tuje na udhu, tuvae kwa stara, na tukiingia tuswali tahiyatul masjid, rakaa mbili za kuamkia msikiti, kwanza kabla ya mtu kutoa simu. Maandishi msiyaguse. Jasho la vidole linakula tumbawe. Adhuhuri tutaswali nyuma ya imamu wa pale, kisha wazee wa kijiji wametukubalia tuzungumze nao. Vijana, kila mmoja aje na daftari na suali lake moja. Mtauliza nyinyi, mimi nitanyamaza.

Naona mkono wa bi mkubwa pale nyuma umeinuliwa muda mrefu. Karibu, mama, uliza.