Chapati, Maharage na Chai ya Rangi: Chuma Kinapotelea Wapi?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko kwenye sahani ya asubuhi: chapati mbili, maharage, kikombe cha chai ya rangi. Mussa, madini ya chuma hapo yapo?

MUSSA: Yapo, dada. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina miligramu 3 hadi 4 hivi. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji 18 kwa siku, mjamzito 27, mwanamume 8. Shida ni kwamba chuma cha mimea kinanyonywa kidogo kuliko kile cha nyama na samaki. Halafu unakishushia chai! Ile tanini inayokausha ulimi hukikamata chuma tumboni, vikatoka pamoja chooni.

ZUHURA: Basi nitie maziwa.

MUSSA: Hujaokoa kitu, kalsiamu nayo inazuia. Chai au kahawa isubiri saa moja, mbili ni bora zaidi. Mezani weka maji.

ZUHURA: Hapo umeshagombana na nusu ya wasikilizaji.

MUSSA: Sijawanyima chai, nimeihamishia saa nne tu! Na pembeni ya maharage weka kachumbari ya nyanya na hoho, ukamulie ndimu, au ule chungwa. Vitamini C inakisaidia chuma cha mimea kunyonywa. Ila iwe kwenye mlo huohuo. Chungwa la jioni haliyasaidii maharage ya asubuhi. Na kachumbari ikatwe karibu na kula, maana vitamini hiyo haivumilii moto wala kukaa.

ZUHURA: Kuna wanaopika maharage bila kuloweka, wakisema maji yakimwagwa utamu unaondoka.

MUSSA: Loweka usiku kucha, saa 8 hadi 12, mwaga, pika kwa maji mapya. Maharage yana faiteti, nayo hukishikilia chuma. Kuloweka kunaipunguza, na unaokoa mkaa pia.

ZUHURA: Mchicha je? Kila mwenye upungufu wa damu anaambiwa ale mchicha.

MUSSA: Ale, lakini asiutegemee peke yake. Tia dagaa waliooshwa mchanga vizuri. Samaki au nyama kidogo husaidia hata chuma cha mboga kunyonywa. Maini ya ng'ombe yana miligramu kama 6 kwa gramu 100, ila mjamzito asiyale mara kwa mara, yana vitamini A nyingi mno.

ZUHURA: Na juisi ya bitiruti? Mtaani ndiyo "inaongeza damu".

MUSSA: Rangi hiyo! Gramu 100 za bitiruti hazifikishi hata miligramu moja ya chuma. Kunywa kama unaipenda.

ZUHURA: Mtoto?

MUSSA: Akiba aliyozaliwa nayo huanza kuisha karibu na miezi 6. Uji mtupu hautoshi, umtie dagaa waliosagwa laini au maini yaliyopondwa. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka.

ZUHURA: Kuna anayekula vizuri na bado damu haipandi.

MUSSA: Huyo akapime kwanza. Minyoo ya safura inanyonya damu kila siku, malaria inaharibu chembe zake, hedhi nzito inamwaga. Mwenye siko seli asijinunulie vidonge vya chuma bila vipimo. Na mama anayetafuna udongo ajue unazuia chuma kunyonywa.

ZUHURA: Wajawazito wengi wanaacha vidonge vya kliniki kwa kichefuchefu.

MUSSA: Ameze usiku baada ya chakula, kwa maji, si kwa chai wala maziwa. Hata kama kinanyonywa kidogo kuliko tumbo likiwa tupu, ni heri kuliko kuviacha. Choo kitakuwa cheusi, asishtuke, ni chuma kilichobaki. Wingi wa damu (himoglobini) ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, kliniki itambadilishia dozi, asijiongezee mwenyewe.

ZUHURA: Na vikae wapi?

MUSSA: Juu kabisa, mahali mtoto hafiki. Vinafanana na peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua. Akivimeza, hospitali muda huohuo, na chupa yake mkononi.