Ruzuku ya safari ilipwe kabla ya safari

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Mombasa, kuanzia Likoni mpaka Kisauni, na jirani zetu wa Kilifi. Leo nasema na wanafunzi wa sayansi pale Tudor, na wazazi wao pia, kwa sababu jambo lenyewe, ruzuku ya kwenda kwenye makongamano, linagusa mfuko wa nyumbani.

Nimetoka kwenye kongamano la baiolojia ya seli za neva huku Ujerumani. Kinachochunguzwa humo ni cha ajabu, hebu nisikilizeni. Seli moja ya neva itokayo uti wa mgongo hadi mguuni inaweza kufika urefu wa karibu mita nzima. Vitu vingi inavyohitaji hutengenezwa upande mmoja tu, kisha vinasafirishwa mpaka ncha ya pili. Mbebaji mmoja ni protini iitwayo kinesini, iliyogunduliwa 1985. Hutembea kwa miguu miwili, kila hatua nanomita 8, kama hamali wa Marikiti na gunia lake. Mizigo ikikwama, neva inadhoofika.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Utafiti uliofanywa hapo Kilifi umeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria ya ubongo hubaki na kifafa. Nani wa kuuliza seli za watoto hao zimepatwa na nini, kama si vijana wetu?

Basi kwenye ukumbi wa mabango, pale watafiti wanapotundika matokeo yao, nikamkuta binti wa Mombasa. Bango lake lilichapishwa kwenye kitambaa, amelikunja likaingia kwenye mkoba. Juu yake palikuwa na picha ya mistari: ya mshazari ni mizigo inayosafiri, ya wima ni iliyosimama. Profesa mmoja ambaye makala zake sote tunazisoma akaja, akaweka kidole kwenye mstari mmoja ulioanza mshazari halafu ghafla ukawa wima. "Hapa pametokea nini?" Binti akamweleza, wakabishana, wakachora kwenye karatasi ya leso, mpaka watu wa usafi wakaja kuzima taa. Akaondoka hapo ameshakaribishwa maabara kwenda kujifunza hadubini. Mazungumzo kama hayo hayapatikani kwa barua pepe, wallahi.

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Ruzuku alipewa, lakini ya kulipwa baadaye: nunua tiketi, lipa hoteli, kusanya risiti, ukirudi utarudishiwa. Kwa kijana wa huku Ujerumani huo ni usumbufu kidogo. Kwa mwanafunzi wa Mombasa, mlango umefungwa. Mama yake ilibidi aombe zamu yake ya mchezo wa kuchangiana pesa iletwe mapema, na khalati zake wakachanga. Wangapi hawana khalati wa kuchanga? Wale wamebaki nyumbani na matokeo mazuri, na ukumbini hakuna aliyejua kwamba wamekosekana.

Kamati ya vijana ya kongamano ninayo nafasi ndani yake, na nimeshawaandikia: tiketi inunuliwe na waandaaji wenyewe, hoteli ilipwe moja kwa moja, risiti zisimfuate mtu asiye na kitu.

Na nyinyi msingoje. IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, hutoa ruzuku za safari, na SONA, chama cha wanasayansi wa neva Afrika kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1993, huandaa mikutano barani kwetu, kwa hiyo si lazima mwanzo uwe Ulaya. Ukipewa ruzuku, uliza siku hiyo hiyo: inalipwa lini? Ukiambiwa baadaye, omba walipe tiketi mbele. Kuomba si aibu.

Viza ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuiomba hadi miezi 6 kabla ya safari. Ada ni euro 90 na hairudi ukinyimwa, lakini sheria yao ina kifungu cha kuwasamehe ada watafiti wanaokwenda kwenye kongamano la kisayansi. Ulizeni kama kinakuhusuni, na barua ya mwaliko iandikwe wazi kwamba unakwenda kuwasilisha utafiti.

Kamati inakaa mwezi ujao. Watakachojibu nitawaletea hapa hapa, kiwe kizuri au kibaya.