Tokeni za Sola na Fedha za Korosho: Jibu kwa Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara

Shikamooni wazee wangu, nanyi wenzangu habari za huko. Kutoka Nachingwea, Newala hadi Kilwa Masoko naulizwa swali lile lile: je, fedha za korosho ziwekwe kwenye majukwaa ya mtandaoni yanayouza vipande (tokeni) vya miradi ya sola kwa teknolojia ya blokucheni, yaani daftari (leja) la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja? Wapo watakaosema najidai kwa kuwa naishi Cape Town, na wapo watakaosema nawakatisha tamaa. Najibu kwa sababu fedha inayoulizwa ni jasho la msimu mzima.

Bitkoini, ile sarafu ya kidijitali, sitaieleza, mmeisikia ya kutosha. Huku Afrika Kusini kampuni ya Sun Exchange ilifungua njia: mtu alinunua seli chache za sola, zikafungwa kwenye paa la shule au biashara, na mtumiaji wa umeme akawa anazilipia ada ya kukodi kila mwezi kwa mkataba wa miaka 20, huku mwenye seli akichagua kupokea randi au bitkoini. Mpango wa namna hiyo naupenda kwa dhati, kwa sababu mradi mdogo ambao benki haziuangalii hupata mtaji kwa watu wengi wenye kidogo.

Hata hivyo, leja ya blokucheni huonyesha nani anamiliki nini na nani amelipwa. Haipandi juu ya paa kukagua kama paneli zimejaa vumbi au inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli utumike kwenye vyombo vya kawaida) imeungua, wala haimlazimishi mteja kulipa. Shule yenye bajeti inaweza kulipa mwezi hadi mwezi, lakini kijiji cha Tandahimba huwa na fedha baada ya minada ya korosho, kisha hufuata miezi mirefu ya mifuko mitupu. Mchuuzi wa samaki wa Kilwa Kivinje, kwa upande wake, anahitaji barafu kila siku, maana bila barafu samaki wataharibika kabla gari halijafika sokoni. Ndiyo maana mradi wa sola wa kutengeneza barafu ungenivutia mimi kuliko wa kuwasha taa za majumbani, hata kama hautangazwi sana. Tena ulizeni: nguzo za umeme za TANESCO zikifika kijijini, nani atabaki kulipia sola hiyo?

Upande wa makaratasi nimechoka, na nasema hivi bila kutafuta huruma. Jukwaa moja lilinidai uthibitisho wa makazi, na kwa kuwa bili za nyumba ziko kwa jina la mwenye nyumba, barua yake ikakataliwa. Nilipopata nyingine, wakataka maelezo ya chanzo cha fedha. Akiba yangu ilikwama humo, na ndugu wa damu akaniandikia kwamba nimeota mbawa nikasahau nyumbani. Hilo liliniuma kuliko ada zao. Nanyi mtakutana na ada hizo: shilingi kwenda dola, dola kwenda sarafu ya kidijitali, kisha kurudi, na kila hatua ina mkato wake.

Kuhusu sheria, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi za kidijitali si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio (inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mlipwaji) ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Msichukue kodi hiyo kuwa ulinzi. Jukwaa la ng'ambo likifilisika, mkulima wa Ruangwa atalishitaki wapi, na kwa nauli ya nani?

Mimi kwa hali yangu, nisiye na mtoto wa kusomesha, naweza kuweka kiasi nisichokitegemea. Mwenye ada ya shule ya Januari ana hesabu nyingine, na sitamwamulia. Anayetaka tuendelee kuzungumza anitumie mkataba kati ya kampuni na mtumiaji wa umeme, kwa sababu tangazo la tokeni halitajibu ni nani atakayenunua betri mpya hii ya sasa ikichoka.