Ondokeni Mbele ya Spika

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Naanza na lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: ondokeni mbele ya spika. Umelipa tiketi ukamsikilize mwimbaji, kisha unakwenda kusimama pale ambapo maneno yake hayafiki.

Tazameni jukwaa lolote linalofungwa hapa Mombasa, Mama Ngina au Tononoka. Spika za besi, yaani sauti nzito, ziko chini, kushoto na kulia. Zile zinazobeba maneno zimetundikwa juu, zimeelekezwa kwa watu walio katikati ya uwanja. Wewe uliyejibana kwenye vizuizi vya mbele, kuimba kunakupita juu ya utosi. Unachopata ni besi ya kifuani na ngoma zinazotoka jukwaani moja kwa moja. Halafu mtu anatoka pale akisema fundi wa sauti hajui kazi!

Fundi yuko wapi? Yuko chini ya kihema, kule nyuma, katikati ya safu mbili za spika. Kila anachopandisha au kushusha, anakipima kwa masikio yake yaliyo pale. Basi simama karibu naye, pembeni kidogo usimzibie jukwaa, utasikia alichokusudia. Pakijaa, usiuache mstari wa katikati. Kwa joto letu sauti hukimbia kama mita 348 kwa sekunde, kwa hiyo besi ya herzi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, ina wimbi la urefu wa karibu mita 5.8. Ukisimama mahali ambapo spika moja iko mbali kuliko mwenzake kwa nusu ya hapo, mita 2.9 hivi, wimbi la huku linapanda wakati la kule linashuka, nayo yanauana. Besi inakonda, ilhali mwenzako aliye hatua chache kutoka kwako inamtikisa. Sogea. Usingojee ijirekebishe.

Kuna wanaonijibu kwamba muhimu ni shangwe, sauti baadaye. Shangwe bila sauti ilishajaribiwa. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles, bendi ya Uingereza, walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Jukwaani walikuwa na amplifaya za wati 100, na kuimba kukapitishwa kwenye spika za uwanja wenyewe, zile za kutangazia mchezo wa besiboli. Mayowe yakafunika kila kitu, hata wao wenyewe hawakusikilizana. Agosti ya mwaka uliofuata wakaacha ziara, na kutojisikia ni moja ya mambo yaliyowachosha. Kisha vyombo vikakua, watu wakaangukia upande wa pili, wa kelele kupita kiasi. Mei 1976, huko Charlton, London, The Who, bendi nyingine ya Uingereza, walipimwa desibeli 126 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika. Kitabu cha rekodi cha Guinness kikaiandika, na baadaye kikaacha kabisa kuorodhesha bendi yenye kelele kubwa zaidi, kisije kikawachochea watu kuharibu masikio. Pete Townshend, mpiga gitaa wao, amesema hadharani kwamba masikio yake yameharibika.

“Lakini mimi siumii.” Nalisikia hili kila mara, na ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu maumivu huja karibu na desibeli 120, na madhara yamekwisha kuingia zamani. Hesabu wanayoitumia wataalamu wa afya kazini nchini Marekani ni nyepesi: desibeli 85, saa 8. Kila zinapoongezeka 3, muda unakatika nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika 15. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake za mwaka 2022 za kumbi na matamasha, limeweka kikomo cha desibeli 100, wastani unaopimwa kwa kila dakika 15. Tamasha letu linaanza magharibi mpaka usiku wa manane. Pigeni hesabu wenyewe! Vinyweleo vya ndani ya sikio la binadamu vikifa havioti tena. Ule mlio unaolala nao ukitoka uwanjani ni sikio linalolalamika, na kunyamaza kwake asubuhi si hati ya kupona.

Pamba haisaidii kitu cha maana, wala tishu. Nunua vizibo vya sponji. Wengi huvichomeka nusu, kisha husema havifanyi kazi. Osha mikono. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma, ndipo tundu linanyooka. Ingiza, ukishikilie sekunde 30 mpaka kivimbe. Kikikaa sawa, sauti yako mwenyewe utaisikia kama uko ndani ya mtungi. Kikikupunguzia desibeli 15 tu, zile 100 zinakuwa 85, na dakika 15 zinakuwa saa 8. Anayeona sponji inafifisha sauti nyembamba, na kweli hufifisha, atafute vile vya wanamuziki vyenye kichujio. Na mtoto mdogo avalishwe vifuniko vya nje vya masikio, au abaki nyumbani.

Naoneshwa saa. Upepo niuseme kwa ufupi: kusi likivuma kutoka kwa wasikilizaji kwenda jukwaani, sauti inapinda kwenda juu na watu wa nyuma wanakosa maneno. Hapo songa mbele, lakini kwenye mstari ule ule wa katikati. Na msongamano, ambao ulistahili mhadhara wake: tarehe 3 Desemba 1979 huko Cincinnati watu 11 walikufa milangoni, kabla The Who hawajapanda jukwaani, kwa sababu viti havikuwa na namba na milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Ukihisi umati unakubeba, weka mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, usisukume kinyume, tembea mshazari kuelekea ukingoni kila msukumo wa watu unapolegea.

Vizibo viko mezani karibu na mlango, jozi moja kwa kila mtu. Vaeni hapa hapa, kisha mwenzako akutazame kwa mbele. Akikiona kizibo kimejitokeza nje ya sikio, kitoe, ukisokote upya.